Shangazi, nilitoa viti 40 serikalini kwa mali kauli

BARUA

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni fundi seremala wa hapa hapa Tanga, kibanda changu kiko Makorora. Nina miaka 34, mke na watoto wawili. Nafanya kazi na vijana wawili, mmoja wa mbao na mmoja wa kuchomelea, maana siku hizi kiti cha darasani ni bomba la chuma na mbao, si kama madawati tuliyokalia sisi.

Mwaka jana mwezi wa Mei nilipigiwa simu na ofisa wa taasisi moja ya umma. Siitaji jina, bado nina matumaini nayo. Alikuwa ameiona kazi yangu nyumbani kwa jirani yake. Akataka seti 40 za kiti na meza kwa ajili ya chumba chao cha mafunzo, kila seti Sh 85,000. Nikamuuliza habari ya LPO, ile hati ya taasisi ya kuagiza mzigo. Akanijibu, "Fundi, mwaka wa serikali unaisha Juni. Wewe leta mzigo, LPO itakufuata."

Shangazi, sijawahi kupata kazi ya milioni tatu na laki nne kwa mpigo. Mbao nilichukua kwa mali kauli kwa mzee mmoja anayeniamini. Mabomba na rangi nilinunua kwa fedha ya kikoba cha mke wangu, riba asilimia 5 kwa mwezi. Tulilala kibandani wiki mbili. Mzigo ukaenda kwa Canter, tripu mbili. Mtunza stoo akahesabu, akaandika kwenye kaunta buku, akasaini na mimi nikasaini. Nakala sikupewa, na wala sikuomba.

Julai nikaambiwa tusubiri bajeti mpya. Septemba yule ofisa akahamishwa mkoa. Aliyekuja ni mtu mpole sana. Alinikaribisha ofisini, akanivutia kiti nikae, na kile kiti nimekitengeneza mimi. Akafungua faili, akaniambia hakuna kitu kinachonihusu. Leo ni Januari. Mzee wa mbao hunipitia kila Ijumaa baada ya swala, wala hagombi, anakaa tu kwenye benchi. Afadhali angegomba.

Sasa kuna kijana amenijia, anasema shida yangu ni kwamba sipo kwenye mfumo wa tenda za serikali. Anataka Sh 300,000 aniandikishe NeST na "anifungulie mlango" Jiji, ana watu wake kule. Anataka TIN yangu, kitambulisho cha NIDA, na amesema tutatumia namba yake ya simu na barua pepe yake ili asinisumbue. Mke wangu naye anasema tuungane na majirani tuunde kikundi cha vijana, kwa sababu amesikia asilimia 30 ya manunuzi ya serikali ni ya vikundi. Rafiki yangu anacheka tu, anasema tenda ikishatangazwa ujue ina mwenyewe.

Nimpe kijana hiyo laki tatu? Na deni langu nitalipata vipi? Au niachane na serikali nibaki na makabati ya maharusi?

Fundi, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale pa kiti nilicheka, nisamehe. Nimekaa miaka mingi kwenye stoo na ugavi wa halmashauri kabla sijastaafu, nimepokea kila kitu kuanzia chaki mpaka jenereta, na huo wimbo wa "leta mzigo, LPO itakufuata" naujua beti zote.

Neno lako mwenyewe limekwisha kukujibu. Umesema mbao ulichukua kwa mali kauli. Mzee wa mbao alikupa kwa sababu anakujua wewe, anajua unaposwali, na anajua Ijumaa atakukuta wapi. Mali kauli inasimama juu ya mtu. Serikali si mtu. Ofisa aliyekupa kauli ameondoka na kauli yake mfukoni, na huyu mpya akifungua faili hasomi sura yako, anasoma karatasi. Kwa hiyo hakuna aliyekukana. Kwenye vitabu vyao hujawahi kufika.

Elewa nani hasa ananunua. Yule aliyekupigia simu ni wa idara inayohitaji viti. Anaweza kuvitamani, hawezi kuvinunua. Mwenye mamlaka ya kuifunga taasisi kwenye deni ni afisa masuuli wake, ambaye kwa Jiji letu ni Mkurugenzi wa Jiji na kwa taasisi nyingine ni mkuu wake. Kabla hajatia saini, hitaji lazima liwe na fungu kwenye bajeti, liwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, litangazwe au waalikwe watu watoe bei kwenye mfumo, bei zilinganishwe, mshindi apatikane. Hapo ndipo inatoka LPO au mkataba. Mzigo unakuja baada ya hapo, unakaguliwa na kamati ya mapokezi, ndipo madai yako yanaingia kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali. Wewe ulianzia kwenye mzigo, yaani ulipanda basi katikati ya safari, na kondakta anadai tiketi ya kutoka stendi ya Kange.

Simsemi yule ofisa kuwa ni tapeli. Mara nyingi ni mtu amebanwa na tarehe 30 Juni, mkuu anamuuliza viti viko wapi, naye anatafuta fundi mwema. Kuvunja utaratibu kulikuwa kwake. Hasara ikawa yako.

Huyu kijana wa laki tatu sasa. Usimpe hata mia.

NeST ni mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki, ulianza kutumika mwaka 2023 badala ya ule wa awali ulioitwa TANePS, na unasimamiwa na PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imeufanya ndio njia ya kununulia, si kwa wakandarasi wakubwa peke yao. Hata fundi wa mtaani ana nafasi yake ya kujiandikisha humo. Na mlango wake hauna bawabu. Unaingia mwenyewe kwa namba yako ya NIDA na TIN yako, kwa sababu mfumo unazungumza na NIDA, TRA na BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kama kompyuta inakutisha, nenda pale wanapochapa barua, umlipe mchapaji kazi yake ya kuchapa, lakini kaa pembeni yake. Simu iwe yako, barua pepe iwe yako, na nywila uibonyeze mwenyewe.

Hapo kwenye simu na barua pepe ndipo nataka utulie. Akaunti ikifunguliwa kwa namba yake, ni akaunti yake yenye jina lako. Mwaliko wa kutoa bei utamfikia yeye. Ataweza kuomba zabuni usiyoijua, akaweka cheti cha kughushi, na siku ikigundulika PPRA inamfungia mwenye TIN, yaani wewe. Yeye atakuwa ameshakwenda kufungulia wengine milango. Tena malipo yoyote ya haki ya serikali hutolewa kwa kumbukumbu namba, ile "control number", inayoingia hazina, hayapiti kwenye simu ya mtu. Anayekwambia nitumie kwenye namba hii, jibu unalo. Na hao "watu wake kule", kama ni kweli wapo na wanataka fedha, hiyo ni rushwa na wewe unayetoa umo ndani yake sawa na anayepokea. TAKUKURU wana namba 113, haikatwi salio.

Rafiki yako anasema kila tenda ina mwenyewe. Sitakudanganya kwamba hakuna zenye wenyewe. Zipo, nimeziona, na nyingine zilinifanya niombe likizo. Lakini kwa kazi ndogo ndogo za saizi yako, watu wengi niliowaona wakikosa walikoseshwa na vitu vya aibu: leseni ya biashara iliyokwisha wiki mbili nyuma, kodi haijasafishwa TRA, bei ya kimoja imeandikwa bila jumla, fomu moja haikujazwa kwa sababu "ilifanana na ile nyingine". Mtu anakosa kazi kwa hayo halafu anarudi Ngamiani kusema mjini kuna watu na viatu.

Na wengine walikoseshwa na geji, yaani unene wa chuma. Hili nikueleze vizuri kwa sababu ni la ufundi wako.

Tuliwahi kupokea viti vya wanafunzi, vizuri kwa macho, rangi inang'aa, mbao imepigwa msasa mpaka unatamani kulala juu yake. Maelezo ya zabuni yalisema bomba mraba la milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.5. Mjumbe mmoja wa kamati, mwalimu wa fizikia, alikuja na kipimo chake mfukoni. Akang'oa kizibo cha plastiki kwenye mguu wa kiti, akabana, akasoma: 1.2. Kingine, 1.2. Yule fundi alikuwa amenunua geji 18 badala ya geji 16, na sidhani kama alikusudia wizi, dukani alipewa alichopewa naye hakuwa na kipimo. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwa mkono ukibeba vitano unahisi. Tulivikataa vyote. Mzee wa watu alikaa chini ya mkungu akaniomba maji, nikampelekea, na mzigo ukapakiwa kurudi. Alikuwa na LPO, alikuwa na kila karatasi, na bado alirudi nao.

Kwa hiyo maelezo ya bidhaa uyasome kama unavyosoma barua ya posa. Neno "mninga" halimaanishi mbao yoyote nyekundu. "Rangi ya unga" si rangi ya brashi. Usipoelewa, uliza kwa maandishi humo humo kwenye mfumo kabla ya tarehe ya mwisho, ni haki yako, na jibu wanapewa washindani wote.

Sasa uanzie wapi. Hapa watu wengi wanakimbilia Jiji lenyewe, wakidhani mnunuzi ni yule wa makao makuu tu. Jiji la Tanga lina kata 27, na ndani ya kata hizo kuna shule za msingi, sekondari, zahanati na vituo vya afya vinavyopokea fedha kwenye akaunti zao na kununua mahitaji yao, nao wananunua kupitia mfumo. Shule ikipata fedha za madarasa kwa utaratibu wa force account, yaani kujenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, inaundwa kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na wanakamati ni walimu na wazazi unaowasalimia kila siku. Mwalimu mkuu wa Pongwe au Mabokweni anayehitaji meza 20 ni mteja wa saizi yako kuliko zabuni ya meza 800 ambayo ukishinda itakuua. Pita kwa watendaji wa kata, soma mbao za matangazo, jitambulishe kwa walimu wakuu kwa barua fupi yenye picha tatu za kazi yako, TIN, na jina ulilojisajili nalo kwenye NeST. Kujitangaza si kosa. Kosa ni kupeleka mzigo.

Ukijisajili, mfumo utakutaka uchague aina za biashara unazofanya. Usichague kumi ili uonekane mkubwa, na usisahau ile inayokuhusu. Nimesikia mtu wa samani aliyejiandikisha kwenye vifaa vya ofisi vya karatasi, akakaa mwaka mzima akisubiri mwaliko wa viti. Na uulize kwa ofisi ya GPSA, Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, ambao wana ofisi mikoani. Vitu vingi vya kawaida vinavyotumiwa na taasisi zote huwekewa mikataba ya jumla, na aliye kwenye mikataba hiyo huitwa kwanza. Samani ni kati ya vitu vya kuulizia.

Kalenda nayo uiweke ukutani. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Miezi hii ya Januari mpaka Machi idara zinaandika mahitaji na bajeti zinajadiliwa, kwa hiyo ndiyo miezi ya kujulikana. Julai na Agosti mipango ya ununuzi hutoka, isome uone nani ameweka samani na robo ipi. Aprili mpaka Juni ni vurugu, simu kama uliyopigiwa hutoka miezi hiyo. Ukipigiwa tena, jibu kwa adabu: "Niko tayari, bosi, nialike kwenye NeST." Akiwa na nia na fungu analo, atakualika. Asipokualika, umeokoa mbao.

Mkeo ana akili, msikilize, ila mpunguze kasi. Ni kweli sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kijana kwa hesabu hizo ni miaka 18 mpaka 35, na wewe una 34, kwa hiyo hili jambo kwako lina saa ya kuhesabu. Kikundi hupita kwa afisa maendeleo ya jamii na kuandikishwa kama kundi maalumu kwenye mfumo. Kikundi hicho kinaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudi 2024. Haina riba. Linganisha na kikoba chako.

Lakini "majirani" ni akina nani? Kama ni muuza chipsi, dereva wa bodaboda na kinyozi, siku ya kukagua karakana mtaonyesha nini? Tafuta watu wa chuma na mbao. Wale vijana wako wawili wana umri gani? Anza na hao. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, nani anasaini benki na faida inagawanywa vipi, kwa sababu nimeona vikundi vikishinda zabuni na kuvunjika siku ya kugawana, na nimeona kimoja kikipigania bango.

Sasa bei. Hili ndilo linalowamaliza watu hata wakilipwa. Uliuza seti Sh 85,000. Tuseme vifaa, vibarua na Canter vilikula 70,000, ukabakiwa na 15,000 ya faida. Fedha yote ingekuwa ya kikoba, riba ya asilimia 5 kwa 70,000 ni Sh 3,500 kila mwezi. Serikali ikikulipa mwezi wa nne, na kuna taasisi hulipa mwezi wa nne bila ubaya wowote, riba imekula 14,000. Halafu wakati wa kulipa wanakata kodi ya zuio asilimia 2 kwa bidhaa, hapo ni Sh 1,700 kwa seti, ambayo utadai ihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka ukiwa na cheti chake, lakini mkononi siku hiyo hunayo. Kumi na nne elfu na elfu moja na mia saba. Umefanya kazi usiku wiki mbili, umelipwa kila senti uliyoandika kwenye invoisi, na kwa kila seti umetoa Sh 700 mfukoni kwa heshima ya kuihudumia serikali.

Mfanyabiashara wa serikali anauza viti na anauza subira, na subira ina bei yake. Iweke ndani ya bei yako tangu mwanzo. Usizidishe ukakosa, ila ujue namba yako ya chini ni ipi, na mwenzako akiuza chini ya hapo mwachie, akapambane yeye na mzee wa mbao. Kama kazi ni ya huduma, tuseme kukarabati madawati, zuio ni asilimia 5 badala ya 2. VAT usijiongezee kama hujasajiliwa; kizingiti cha kusajiliwa ni mauzo ya Sh milioni 200 kwa mwaka, na sidhani kama Makorora umefika huko. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, wataitaka, jipange nayo kabla ya kushinda, si baada.

Na usichukue kazi ambayo ukicheleweshewa malipo miezi mitano kibanda kinafungwa. Makabati ya maharusi usiyaache kabisa. Bwana harusi analipa nusu kabla na nusu kabla ya ngoma, hakuna taasisi yenye nidhamu hiyo.

Tumalizie deni. Nitakwambia ukweli, ni gumu, ila si la kufa.

Kwanza acha kwenda kwa huyo ofisa mpole. Ni mpole kwa sababu hana la kufanya. Andika barua kwa afisa masuuli, mkuu wa taasisi mwenyewe, na nakala kwa mkaguzi wa ndani. Iwe ukurasa mmoja. Eleza tarehe ulizopeleka mzigo, idadi, nani alipokea, kwamba umeandikwa kwenye kaunta buku ya stoo, na kwamba viti vipo na vinatumika mpaka leo. Usimtukane aliyehamishwa, na usiandike habari za Mungu anaona. Omba mambo mawili: mali yako ihakikiwe na deni litambuliwe kwenye orodha ya madeni ya wazabuni, au kama hawawezi kulitambua, wakurudishie viti vyako kwa maandishi. Ombi la pili linafanya kazi ya ajabu. Taasisi inaweza kuvumilia kudaiwa, haipendi kuonekana chumba cha mafunzo kimekaa tupu. Peleka kwa masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka, umetembea tu.

Wakikaa kimya, sheria haijakutupa. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatambua kwamba anayepokea kitu ambacho hakikutolewa bure na akakitumia, anawajibika kukilipia, hata pasipo mkataba ulioandikwa. Una miaka 6 ya kudai. Lakini kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Kwa milioni tatu na laki nne, wakili atakula meza na wewe ubaki na kiti. Ninachokushauri ni kutafuta msaada wa kisheria wa bure uandikiwe hiyo notisi vizuri, kwa sababu mara nyingi notisi ndiyo humfanya mkuu wa taasisi aulize chini, "Hivi huyu fundi ni nani?" Hapo ndipo unapoanza kuwepo kwenye faili.

Mzee wa mbao mpe ratiba, laki moja moja kila mwezi, na umpe kabla ya Ijumaa, usimngoje akae kwenye benchi.

Umeandika pia, pale chini ya barua ambapo sijapachapa, kwamba mkeo alipiga picha Canter ikipakiwa, na namba ya gari inaonekana. Itoe kwenye simu yake leo, uichape kwenye karatasi nakala mbili, nyuma andika tarehe na jina la dereva, dereva asaini. Usingoje wikiendi. Simu za wanawake wenye watoto wadogo huishia kwenye ndoo ya kufulia.